Pima Kwanza, Spea Baadaye: Kutengeneza Gari Nyumbani Mombasa

Gari la Mombasa lina maadui wawili wakubwa, joto na chumvi. Joto huichosha betri na kuulemea mfumo wa kupoza injini. Chumvi huja na upepo, uwe kusi au kaskazi, ikaingia chini ya boneti na kula vichwa vya betri, nyaya za ethi (zinazounganisha hasi ya betri na bodi na injini), pini za breki na viungo vya umeme. Ukianza uchunguzi wako hapo, mara nyingi utafika kwenye tatizo mapema. Kilichobaki ni kupima. Pesa nyingi huishia gereji kwa sababu spea hubadilishwa kwa kukisia: stata (mota ya kuwashia injini) inanunuliwa kumbe waya una kutu, rejeta (inayopoza maji ya injini) inang'olewa kumbe ni feni isiyozunguka.

Maelezo haya yanalenga magari madogo ya petroli ambayo mji umejaa, kama Vitz, Probox, Fielder, Demio na Note. Vifaa si vingi. Nunua multimita ya kawaida, soketi za milimita 8 hadi 14, soketi ya 21 ya nati za magurudumu, soketi ndefu ya plagi (16 kwa injini nyingi za Toyota za aina ya 1NZ), brashi ya waya, tochi na glavu. Ukitaka kuingia chini ya gari, ongeza stendi mbili za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya matumbawe au ya simiti hayafai kabisa, kwa sababu hayapindi kabla ya kuvunjika, hupasuka ghafla. Kama uwanja wako ni wa mchanga, tandika ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Gari haliwaki

Geuza ufunguo usikilize. Ukisikia tik-tik-tik za haraka na taa za dashibodi zinafifia, betri haina nguvu au vichwa vyake havishiki. Mlio mmoja mzito kisha kimya maana yake swichi ya stata imevuta lakini stata haizunguki: ama shaba za ndani ya swichi zimelika, ama njia ya umeme mkubwa ina kutu. Kimya kabisa huku taa zikiwaka vizuri, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo yenye kasoro. Na kama stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, achana na betri, ufuate petroli na moto wa plagi.

Sasa chukua mita, uiweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gari liwe limelala usiku kucha, au taa kubwa ziwashwe dakika mbili kisha zizimwe, ili usisome nguvu ya juujuu. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, kwenye 12.2 nusu, na ikifika 12.0 inakaribia kwisha. Kisha mtu mmoja apige stata huku wewe ukisoma. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, betri imechoka ndani, hata kama ikipumzika inarudi 12.6. Katika joto la pwani betri ya kawaida aghalabu huchoka ikiwa na miaka miwili au mitatu, kwa hiyo usishangae.

Kabla ya kwenda kununua betri, fanya kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani risasi yenyewe, si kichwa cha waya. Ncha nyekundu iguse chuma safi cha injini. Mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotea kati ya betri na injini. Acha ncha nyeusi hapo hapo kwenye nguzo, uhamishe ile nyekundu hadi kwenye kichwa cha waya kilichoivaa nguzo hiyo. Kama bado unapata sehemu kubwa ya volti hizo, uchafu uko kati ya nguzo na kichwa chake, mahali ambapo ukitazama kwa juu panaonekana safi. Kama hapo husomi kitu, fuata waya wa ethi hadi mwisho wake kwenye bodi na kwenye injini. Mara nyingi utakuta boliti imeota kutu au waya umeliwa chini ya plastiki na kugeuka unga wa kijani. Upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo, kutoka nguzo ya chanya hadi boliti kubwa ya stata, na huko isizidi volti 0.5.

Kusafisha ni kazi ya nusu saa. Legeza kichwa cha hasi kwanza kwa spana namba 10, ndipo ufungue chanya, na wakati wa kurudisha chanya kitangulie. Sababu ni kwamba hasi ikiwa bado imefungwa, spana iliyoshika chanya ikigusa bodi hupiga cheche kubwa, na betri hutoa gesi inayolipuka. Koroga vijiko viwili vya bekingi soda katika kikombe cha maji ya moto, umwagie ule unga mweupe na kijani mpaka uache kutoa povu, kisha suuza kwa maji matamu na ukaushe. Sugua nguzo na ndani ya vichwa kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae. Funga, kaza mpaka kichwa kisizunguke kwa mkono, halafu paka grisi au vaselini kwa nje. Usipake ndani kabla ya kufunga, kwani kinachotakiwa kugusana hapo ni chuma na chuma. Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, ongeza maji ya betri peke yake, yafunike visahani kwa sentimita moja hivi.

Gari likishawaka, pima tena betri. Kati ya 13.8 na 14.7 altaneta (jenereta ya gari) inachaji. Washa taa kubwa, AC na redio. Isishuke chini ya 13.5. Magari mapya kidogo hupunguza chaji kwa makusudi yasipokuwa na mzigo, kwa hiyo usiihukumu altaneta kabla hujawasha vitu hivyo. Ikisoma 12 na kuendelea kushuka, tazama mkanda unaoizungusha kwanza: ukiwa umelegea au unang'aa kama kioo, unateleza.

Betri nzuri inayokwisha kila ukilala inanyonywa na kitu. Weka mita kwenye ampea, tundu la 10A, uifunge kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Funga milango, subiri nusu saa gari lilale, na usijaribu kuliwasha mita ikiwa hapo. Zaidi ya ampea 0.05 ni nyingi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Mshukiwa wa kwanza ni king'ora, kifaa cha kufuatilia gari au redio iliyofungwa baadaye, si waya wa kiwandani.

Gari linachemka

Swali la kwanza ni linachemka wapi. Likichemka kwenye foleni ya feri Likoni au msongamano wa Kongowea, kisha likapoa ukishika mwendo, tatizo ni hewa, yaani feni haifanyi kazi au rejeta imefunikwa na takataka. Likiwa sawa mjini lakini likachemka ukipanda Mazeras kuelekea Mariakani, maji hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba ndani, themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) haifunguki yote, au pampu ya maji imechoka. Likichemka popote, maji yamepungua, na lazima ujue yameenda wapi.

AC hukupa dalili mapema. Ikiwa inapoa vizuri gari likitembea lakini hutoa hewa ya moto ukisimama, mara nyingi feni ya mbele imekufa au inazunguka polepole, na injini nayo itafuata kuchemka. Washa injini, washa AC, nenda mbele utazame. Katika magari mengi feni lazima izunguke mara moja au baada ya muda mfupi. Isipozunguka, angalia fyuzi yake, aghalabu ya ampea 30 au 40, kisha badilisha rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine ya namba ile ile katika sanduku hilo hilo. Bado? Zima gari, chomoa plagi ya umeme ya mota ya feni, uipelekee mota umeme moja kwa moja kutoka betri kwa nyaya mbili nene. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na tatizo liko kwenye njia ya umeme. Ikinyamaza, nunua mota. Kila unapokaribia feni, ufunguo uwe umetolewa, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Likichemka barabarani, zima AC, washa hita kwa ukali wote na ufungue madirisha. Hita ni rejeta ndogo, itatoa joto kidogo. Simama mahali salama uzime. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa muda usiopungua dakika 45. Maji ya ndani huwa juu ya nyuzi 100, na kinachoyazuia kuchemka ni shinikizo la kifuniko hicho. Ukikifungua, hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Magari kama Vitz mengi hayana mshale wa joto, yana taa tu, buluu kwa baridi na nyekundu kwa moto, kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka usijiambie utafika tu.

Kifuniko chenyewe ni spea ya bei ndogo inayoshukiwa mara chache mno. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji huchemka mapema na kumwagikia kwenye tangi la akiba. Kinunuliwe chenye shinikizo lile lile lililoandikwa juu yake, kwa mfano 1.1.

Kuhusu maji: usitie maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi hiyo hutoboa aluminiamu ya rejeta na ya silinda hedi (kichwa cha juu cha injini), huku ikiacha magadi ndani ya mirija. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri, au ile iliyokwisha kuchanganywa. Wengi husema Mombasa hakuna baridi kali, kulanti ya nini. Kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka, na hivyo viwili tunavihitaji kuliko watu wa kwenye theluji. Dharura ikikupata, maji yoyote safi ya kunywa yanafaa ili ufike nyumbani, kisha uyamwage.

Jambo jingine linaloumiza magari ya hapa ni kung'oa themostati kwa hoja kwamba pwani kuna joto. Injini inayobaki baridi barabara kuu huongezewa petroli na kompyuta yake, ikala mafuta na kujaza masizi. Na katika injini ambazo themostati pia hufunga njia ya mzunguko mfupi, kuitoa huacha sehemu ya maji izunguke bila kupita kwenye rejeta, ikachemka zaidi. Kama unaishuku, ipime. Itoe, ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji jikoni bila kugusa chini, na uweke kipimajoto pembeni. Namba iliyochongwa juu yake, mara nyingi 82, ndiyo nyuzi za kuanza kufunguka. Utaona sahani ya shaba ikisogea taratibu na mwanga ukipenya pembeni. Maji yakifika 95 nafasi iwe karibu milimita 8 au zaidi. Isiposogea, au ikifunguka upande mmoja, nunua mpya na gasketi yake, na ile pini ndogo inayocheza iwe juu ili hewa itoke.

Baada ya kumwaga na kujaza, toa hewa. Injini ikiwa baridi, inua pua ya gari kidogo, fungua kifuniko, weka hita kwenye moto, jaza polepole, uwashe. Binya paipu za rejeta kwa mkono ulio na glavu, ongeza maji kadiri yanavyoshuka, mpaka paipu ya chini ipate moto na mapovu yaishe. Asubuhi inayofuata angalia tena, aghalabu yatakuwa yamepungua kidogo.

Maji yakipungua kila siku bila kudondoka chini, pima gasketi ya silinda hedi. Injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike paipu ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Mapovu yasiyokoma mdomoni mwa rejeta, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu na oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi wa kutosha. Hapo usiendeshe tena, na dawa za chupa za kuziba usizitie, kwa sababu huziba na mirija ya rejeta. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kusawazisha hedi.

Maji matupu yanayodondoka chini ya upande wa abiria ukiwasha AC ni ya kawaida kabisa. Yakilowesha zulia ndani, bomba la kutolea limeziba, lizibue kwa waya laini kutoka chini. Zulia likinata na kunukia utamu, hiyo ni kulanti, rejeta ya hita inavuja.

Breki

Kutu ya asubuhi kwenye diski, hasa kwa wanaoegesha Nyali au Bamburi karibu na bahari, huondoka ukikanyaga breki mara chache. Inayohitaji kazi ni sauti ya chuma kwa chuma, au kilio kisichoisha. Ondoa gurudumu, pima pedi: zikibaki milimita 3, badilisha zote mbili za kila upande, kulia na kushoto pamoja. Linganisha ya ndani na ya nje. Moja ikiwa imekwisha na nyingine nene, pini za kalipa (chuma kinachozibana pedi) zimekwama kwa chumvi, na pedi mpya zitaisha vile vile. Zitoe, zing'arishe kwa msasa laini, upake grisi ya silikoni, maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Usiiache kalipa ikining'inia kwa paipu yake, ifunge kwa waya. Ukimaliza, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Nati za magurudumu ya magari haya hukazwa kama newtoni-mita (Nm) 100.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji hushuka hadi kama 140. Ibadilishe kila miaka miwili.

Injini inatetemeka na taa ya injini inawaka

Taa ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha kwa upole. Ikipepesa, silinda inakosa moto na petroli isiyoungua inachoma kichujio cha sailensa, kwa hiyo simama. Kisoma-kodi (kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu) cha bei ndogo cha kuunganishwa na simu hufaa, ingawa baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa vifaa hivyo. Kodi P0301 maana yake silinda ya kwanza inakosa moto, P0302 ya pili, na kuendelea.

Usikimbilie koili mpya (koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche). Injini ikiwa baridi, fungua boliti ya namba 10, ubadilishane koili ya silinda yenye kasoro na ya jirani, ufute kodi, uendeshe. Kodi ikihama na koili, koili ni mbovu. Ikibaki, badilishana plagi. Ikibaki tena, tazama injekta (inayopulizia petroli) na kompresheni (shinikizo la silinda). Tupa jicho ndani ya tundu la plagi: ukikuta oili, gasketi ya kava ya juu inavuja na itaua koili mpya pia. Plagi huingizwa kwa mkono mpaka igote, kisha mpya huongezwa nusu mzunguko kwa soketi, na ya zamani huongezwa kidogo tu.

Gari likizimika majini

Wakati wa masika, maji yakijaa barabarani na gari likazima katikati, usipige stata. Maji hayabanwi, na yakiwa yameingia kwenye silinda hupinda koneki (fimbo ya pistoni). Sukuma gari hadi pakavu, fungua sanduku la kichujio cha hewa. Kichujio kikiwa kikavu, una bahati. Kikiwa kimelowa, toa plagi zote, chomoa plagi za umeme za koili na za injekta, upige stata sekunde chache ili maji yaruke nje. Pima oili kwa kijiti: ikiwa imepanda au imekuwa nyeupe, imwage na ubadilishe kichujio kabla ya kuwasha. Na kama maji hayo yalichanganyika na ya bahari, suuza viungo vya umeme kwa maji matamu siku hiyo hiyo, vikauke kabisa, uvipulizie dawa ya viungo vya umeme, kwa sababu chumvi ikikauka ndani yake hutapata kasoro leo, utaipata baada ya mwezi.